Karatasi ya maabara niliyoipeleka Muheza

Mwezi wa nne mwaka 2021 nilimrudisha mke wangu kwao Muheza kwa sababu ya karatasi ya maabara iliyosema ana hepesi, ugonjwa wa virusi unaotoa vidonda sehemu za siri. Niliamini karatasi ile imethibitisha kwamba ametoka nje ya ndoa. Ilinichukua miezi minne kujua kwamba haikuthibitisha kitu cha aina hiyo, na kwamba aliyeleta ugonjwa ndani ya nyumba, kwa uwezekano mkubwa, ni mimi. Naandika kwa ajili ya mume au mke ambaye atapewa karatasi kama ile na kuambiwa maneno mawili matatu mlangoni. Laiti mtu angeniandikia mimi.

Mimi ni fundi umeme, naishi Tabata, Dar es Salaam. Kazi yangu ni kutafuta chanzo. Nyumba ikipiga shoti nafuata waya mpaka nifike pale ulipochubuka, na siku zote pale pako. Hitilafu haina haya wala huruma, ina mahali tu. Akili hiyo hiyo ndiyo niliyoipeleka kwenye ugonjwa wa mke wangu.

Ilianza Jumapili jioni. Alisema mwili unamuuma kama mtu mwenye malaria. Usiku homa ikapanda, na alfajiri alipokwenda chooni nikamsikia analia. Zahanati ya karibu walipima malaria, hakuna. Wakapima mkojo, wakasema ni yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, wakampa antibayotiki. Siku ya tatu mitoki ikamvimba kinenani pande zote mbili, na malengelenge madogo madogo yakatokea sehemu za siri, yakapasuka, yakawa vidonda. Mkojo ukipita pale ni kama umemwagiwa pilipili. Akawa hanywi maji ili asiende chooni, na mimi nikaona ni busara. Lilikuwa kosa. Mkojo ukiwa mzito ndivyo unavyozidi kuchoma. Baadaye sana tulifundishwa kwamba alipaswa kunywa maji mengi, na kukojoa akiwa amekaa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Jambo dogo kama hilo lingemwondolea nusu ya mateso, na hakuna aliyetuambia.

Tukaenda kliniki nyingine. Mhudumu alimtazama kwa muda mfupi sana, akasema haya ni ya zinaa, akatuandikia sisi wote wawili sindano ya penisilini, na akatuelekeza maabara moja mke wangu akapime damu. Nililipa shilingi 45,000. Jioni ile karatasi ikatoka: hepesi aina ya pili, IgM, chanya. IgM ni aina mojawapo ya kingamwili, askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya ugonjwa.

Nilimuuliza mhudumu maana yake nini. Akasema, "IgM ni maambukizi mapya. Yameingia hivi karibuni." Kisha akaniuliza kama nina dalili yoyote. Nikasema sina. Akamtazama mke wangu, akarudi kwenye karatasi, akaendelea kuandika. Hakusema zaidi, wala mimi sikuhitaji zaidi.

Tulitoka pale mimi nikiwa na ushahidi wa aina tatu kichwani. Kwanza, mimi sina kidonda, kwa hiyo mimi ni mzima. Pili, mwezi wa kwanza nilikuwa nimepima virusi vya ukimwi na majibu yalikuwa hasi, kwa hiyo niko safi. Tatu, karatasi inasema ugonjwa ni mpya na ndoa yetu ilikuwa na miaka sita. Hesabu ikawa imekamilika. Usiku nilimuuliza, nikamuuliza tena, nikamuuliza mbele ya simu nikiwa nimempigia kaka yake. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Sijui. Wallahi sijui."

Nililichukua lile "sijui" kama ukaidi. Leo najua kwamba watu wengi sana wenye ugonjwa huu, wakisema ukweli, hawana jibu jingine.

Siku ya tisa nilimpandisha basi stendi ya Magufuli pale Mbezi, yeye na binti yetu. Wiki iliyofuata nikaenda mwenyewe na mjomba wangu, tukakaa kikao nyumbani kwao. Walikuwepo baba mkwe, shemeji, na shangazi yake mke wangu. Niliitandika ile karatasi juu ya mkeka. Shangazi alisema maneno makali, kwamba mwanamke aliyetulia haugui hivi. Baba mkwe aliikamata karatasi, akaisogeza mbali kidogo na macho kama wazee wanavyofanya, akaniuliza, "Hapa pameandikwa jina la mwanaume?" Nikasema hapana. "Pameandikwa siku?" Nikasema hapana, lakini daktari amesema ni mapya. Akairudisha. "Haya, mkwe wangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Sikumwelewa. Nilidhani mzee anamtetea mwanawe.

Kuna jambo moja lililoharibika Muheza ambalo sikulikusudia, na bado linaniuma. Mjomba alisikia neno hepesi akalichanganya na mkanda wa jeshi. Watu wa umri wake wanakumbuka miaka ya tisini, mtu akitokwa na mkanda wa jeshi majirani wanaanza kuhesabu siku zake. Akamsimulia mtu mmoja, na yule akasimulia wengine. Ndani ya wiki mbili mke wangu akawa ana ngoma. Alikuwa ameanza kuuza maandazi pale kwao ili asiwe mzigo, na wateja wakaacha kuja. Maandazi! Kama kwamba hepesi ya sehemu za siri inapita kwenye unga na mafuta ya moto.

Nieleze hapa, kwa kuwa mkanganyiko huu nimeukuta kwa wengi. Mkanda wa jeshi unatokana na virusi vya tetekuwanga vilivyobaki mwilini tangu utotoni na kuamka ukubwani. Ni ukoo mmoja na hepesi, lakini ni virusi vingine. Na hepesi si ukimwi, wala si dalili kwamba ukimwi umeshaingia. Uhusiano uliopo ni kwamba mwenye hepesi aina ya pili akikutana na virusi vya ukimwi, hatari yake ya kuambukizwa ni kama mara tatu ya mwingine, kwa sababu ngozi ile imedhoofika na ina mikwaruzo isiyoonekana. Kwa hiyo kupima ukimwi ni jambo jema. Ila ile kadi yangu ya mwezi wa kwanza, niliyokuwa naipunga kama cheti cha usafi, haikuwa imepima hepesi hata kidogo. Kipimo cha ukimwi hakioni hepesi, na vipimo vya kawaida vya magonjwa ya zinaa mara nyingi haviigusi mpaka uiombe kwa jina.

Nikabaki Tabata peke yangu. Niliogopa kwamba ameniambukiza, nikatafuta mtu wa mitishamba aliyesema anasafisha damu na kuufuta ugonjwa moja kwa moja. Chupa tatu, shilingi 180,000. Wiki tatu za kunywa kitu kichungu kilichoniharibu tumbo. Yule mtu alikuwa na wateja wanaoapa kwamba wamepona, na sidhani kama walikuwa wanadanganya. Vidonda vya mara ya kwanza hufunga vyenyewe ndani ya wiki mbili hadi nne, na vya kurudia hufunga mapema zaidi. Chochote unachotumia wakati huo, iwe majani, sindano ya penisilini au mafuta ya kuombewa, kitapata sifa ya kukuponya. Penisilini inaua bakteria wa kaswende. Kirusi cha hepesi haikigusi. Na dawa ya kukifuta mwilini kirusi hiki haijapatikana popote duniani. Anayekuuzia "kupona kabisa" anakuuzia zile wiki mbili ambazo mwili wako ungejitibu wenyewe.

Mwezi wa nane nilikuwa na kazi Kigamboni, siku tatu juu ya paa, jua kali, navuta nyaya. Siku ya tatu nikaanza kuhisi mchomo kwenye tako la kushoto, upande wa juu. Kesho yake vipele vimejikusanya pale kama punje za ulezi. Hilo halikunishtua hata kidogo, maana nilikuwa nalifahamu. Lilinianza kama mwaka 2012, kabla sijaoa, na lilikuwa linarudi mara mbili tatu kwa mwaka, hasa nikichoka. Nililiita fangasi. Wakati mwingine nililiita joto. Kila mara nilinunua krimu duka la dawa, shilingi elfu tatu au nne, na baada ya wiki likaisha.

Safari hii lilikaa mahali ambapo mkanda wa vifaa unapita. Nikashindwa kufanya kazi. Mteja wangu mmoja akanielekeza kwa daktari wa ngozi, mama mtu mzima aliyesomea ngozi KCMC kule Moshi. Nilimsimulia habari ya fangasi wangu. Akatazama bila haraka, akauliza maswali mawili.

"Huwa inarudi hapo hapo?"

Nikasema ndiyo.

"Na kabla haijaonekana, unahisi kuwasha au kuchoma?"

Nikasema ndiyo, siku moja kabla.

Akachukua majimaji kwenye kipele kilichokuwa bado hakijapasuka, akachukua na damu, akaniambia nirudi baada ya wiki. Niliporudi akanikalisha. "Mwanangu, hii ni hepesi, aina ya pili. Siyo ya juzi."

Sikumbuki nilikaa kimya muda gani. Nilipopata sauti nikamwambia haiwezekani, mimi sehemu zangu za siri hazijawahi kuwa na kidonda. Akachukua kalamu akachora uti wa mgongo. Virusi hivi, alisema, vikishaingia kwenye ngozi vinapanda na neva mpaka kwenye mizizi yake karibu na mwisho wa uti wa mgongo, na hapo vinalala. Vikiamka vinashuka na tawi lolote la neva zile. Linaweza kuwa tawi la sehemu za siri, la paja, la tako au la karibu na njia ya haja kubwa. Vyako wewe, alisema, vilichagua tako. Na kuna siku vinashuka na kutoka kwenye ngozi bila kuacha kipele wala muwasho, na siku hizo mtu anaambukiza huku akijiona mzima. Watu wengi huambukizwa na mwenza ambaye siku ile hakuwa na kidonda chochote, na pengine hajawahi kujua kama anao.

Hapo ushahidi wangu wa kwanza ukaanguka. Nikautoa wa tatu. Nilikuwa na picha ya karatasi ya mke wangu kwenye simu, nikamwonyesha. Nikamwambia, lakini yake ilikuwa IgM, ni mapya.

Alivua miwani. Akasema kipimo kile cha IgM kwa hepesi watu wanakifanya, lakini miongozo ya matibabu haikipendekezi, na sababu ni zile zile zilizonifikisha pale. IgM inaweza kuonekana mtu anapopata vidonda vya kurudia hata kama ana virusi miaka kumi. Inaweza kuchanganya aina ya kwanza na ya pili. Inaweza hata kujitokeza kwa asiye na kitu. Kingamwili zenye maana ni za IgG, na hizo nazo huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi mitatu na zaidi, kufikia kiwango cha kuonekana. Na namba ikiwa ndogo, juu kidogo tu ya mstari wa chanya, lazima urudie kwa njia nyingine kabla hujaiamini. Kama ungetaka kujua vidonda vya mke wako ni nini, alisema, ilitakiwa kuchukua majimaji kwenye vidonda vyenyewe vikiwa vibichi.

Nikamuuliza, "Sasa yeye alipata lini?"

"Karatasi haiwezi kuniambia."

"Mimi nilipata kwa nani?"

"Haiwezi kuniambia hilo pia."

Akanieleza kwamba mwili unaweza kukaa na hepesi miaka bila dalili, kisha siku moja, kwa homa au uchovu au mimba au bila sababu inayojulikana, vidonda vikatokea kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo vidonda vya kwanza si lazima viwe maambukizi ya kwanza. Kwa mke wangu, ukali ule wa homa na mitoki ulifanana zaidi na mtu ambaye kirusi ndiyo kwanza kinamwingia. Nami nilikuwa nalala naye kila siku, na vipele vyangu vya miaka tisa.

Kuna takwimu aliyonipa ambayo niliitafuta baadaye nikaikuta kwenye taarifa za Shirika la Afya Duniani. Kwa makadirio ya mwaka 2020, watu kama milioni 520 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana hepesi aina ya pili, na watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wana aina ya kwanza, ile ambayo kwa kawaida hutoka mdomoni. Afrika ni miongoni mwa maeneo yenye aina ya pili kwa wingi zaidi, na wanawake wanaambukizwa zaidi ya wanaume. Wengi wao hawajui. Nilikuwa mmoja wao kwa miaka tisa, nikipaka krimu ya fangasi.

Siku hiyo hiyo nilifanya kosa jingine, au nilikaribia kulifanya. Nilimwambia daktari nitampigia yule niliyekuwa naye kabla ya kuoa, nimuulize kwa nini alinifanyia hivi. Akaniuliza, "Wewe ulimfanyia mkeo makusudi?" Nikasema sikuwa najua. Akaninyamazia tu. Sikupiga ile simu. Kumpigia mtu ili naye akapime na kujitunza ni jambo jema, na huenda siku moja nitalifanya. Ila siku ile nilitaka mtu wa kumtwisha.

Nilikwenda Muheza mwezi wa tisa. Mjomba alikataa kuja, akasema mambo haya yamalizike kimyakimya, nimchukue mke wangu nirudi. Mke wangu ndiye aliyekataa. Alisema kwa simu, "Uliyasema mbele za watu. Kayatoe mbele za watu." Nilimbembeleza mjomba siku nne mpaka akakubali.

Kusema "ni mimi" mbele ya baba mkwe ni jambo ambalo sijui kulieleza. Nilianza na shikamoo sauti ikakatika. Nikatoa karatasi yangu mwenyewe nikaitandika pale pale nilipotandika ya kwanza. Nikaeleza vipele, nikaeleza miaka, nikaeleza kwamba hii siyo ngoma, na nikamwomba shemeji atusaidie kuwaambia waliosikia. Shangazi alitoka nje. Baba mkwe alisema, "Nimesikia," basi. Akamwita mke wangu na kumwachia uamuzi. Mke wangu hakurudi siku ile wala mwezi ule. Alirudi Dar mwezi wa kumi na moja, na kwa muda mrefu akawa analala na mtoto chumba cha pili. Alisema amesamehe, lakini kila nikimuuliza jambo la kawaida, ulikuwa wapi, simu ilikuwa ya nani, namwona anakaza mabega. Ugonjwa wenyewe umemrudia mara tatu tu tangu wakati ule. Yale mabega yanarudi mara nyingi zaidi.

Kuhusu kuishi na hepesi, kwa kweli sina mengi, kwa sababu ni madogo kuliko tulivyoogopa. Nyumbani tuna asiklovia, dawa ya kuvituliza virusi hivi. Ukihisi ule mchomo wa mwanzo, unaanza dawa siku hiyo hiyo, maana ukichelewa mpaka vipele vikomae faida yake inapungua sana. Kwetu dozi ya kurudia ni miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa siku tano, na daktari ndiye aliyetuandikia. Vidonda vikiwepo hatukutani, kwa sababu vinauma. Hatuvisugui kwa limau, chumvi wala maji ya dawa kali, makosa ambayo mke wangu aliyafanya yote wiki ile ya kwanza. Chupi ya pamba, pakavu, basi. Kwa kuwa sote tuna aina ile ile, hatuna cha kukingana kwa upande huo. Hepesi haizibi mirija ya uzazi wala haileti saratani ya shingo ya kizazi. Saratani hiyo huletwa na virusi vingine, HPV, na watu huvichanganya. Haipatikani kwenye kiti cha choo wala taulo kwa namna watu wanavyodhani, kwani nje ya mwili kirusi hiki hakidumu. Inapita ngozi kwa ngozi.

Ambao mmoja anayo na mwingine hana, wasidhani ndoa imekwisha. Kondomu hupunguza hatari ingawa haiondoi yote, kwa kuwa haifuniki paja wala tako. Kuacha kukutana wakati wa vidonda na wakati wa ule mchomo hupunguza tena. Na ipo njia ya kumeza dawa kila siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofuatilia jozi 1,484 za wenza ambao mmoja alikuwa na aina ya pili na mwingine hana, uliona kwamba mwenye virusi akimeza valasiklovia, ndugu ya asiklovia, kila siku, maambukizi kwa mwenzake hupungua kwa karibu nusu. Ukijumlisha haya, kuna watu wanakaa miaka bila kuambukizana.

Fundi mwenzangu mmoja kijana, mwenye mchumba, aliniuliza amwambieje. Nilimwambia amweleze mapema, mchana, sehemu tulivu, kabla mambo hayajafika kitandani. Asianze kwa kulia wala kuomba msamaha kama mtu aliyeua. Amwambie jina la ugonjwa, amwambie anachofanya kujitunza, kisha amwachie muda. Akitaka kwenda naye kwa daktari, waende. Yule binti alichukua wiki mbili. Wameoana. Ningefurahi kusema wote hukubali, lakini najua mwingine ambaye aliachwa, na alilia, na bado nadhani alifanya sawa kusema.

Mwaka 2023 mke wangu alipata mimba ya pili na hofu ikarudi yote. Alikuwa amesikia kwamba mtoto atazaliwa kipofu. Tulikwenda kliniki tukasema mapema, na hilo nalisisitiza kwa kila mama: sema, hata kama nesi atakukunjia uso. Daktari wa uzazi alitueleza kwamba hatari kubwa ni kwa mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua, ambapo mtoto ana uwezekano wa asilimia 30 hadi 50 wa kuambukizwa. Mama ambaye anayo tangu zamani amekwishamjengea mtoto kingamwili, na kwake hatari ni chini ya asilimia moja. Akampa dawa kuanzia wiki ya 36. Siku ya uchungu wakamkagua, hakuna kidonda, akajifungua kawaida. Kama kungekuwa na kidonda wangempasua. Mtoto mzima, wa kiume, ananyonya.

Mama yangu alikuja kutulelea mzazi. Wiki ya pili akaamka na malengelenge pembeni ya mdomo. "Homa imenitoka," akasema, kama nilivyomsikia akisema tangu nikiwa mdogo, na akanyoosha mikono amchukue mjukuu. Nikalazimika kumzuia. Nilimweleza kwamba hiyo nayo ni hepesi, mara nyingi aina ya kwanza, na kwa kichanga wa wiki mbili busu moja linaweza kuwa hatari. Alinitazama kama nimemtukana, kisha akaelewa, akafunika mdomo kwa upande wa khanga na kwa siku kumi akawa anamtazama mtoto kwa mbali tu.

Usiku ule sikulala. Nilimfikiria mama na mdomo wake. Amekuwa nayo labda tangu utotoni, kwa busu la shangazi au bibi fulani. Katika umri wake wote hakuna aliyemwitia kikao. Hakuna aliyemuuliza kaipata kwa nani. Mke wangu alikuwa na kirusi cha tumbo moja na hicho, kimeshuka tu mahali pengine, na nilimtandikia karatasi mkekani mbele ya baba yake.

Nilipomaliza kuandika haya nilimpa mke wangu ayasome kabla sijayatuma. Alisoma akiwa amempakata mtoto. Akasema yote ni kweli, lakini kuna sehemu nimeipita haraka. Nikamuuliza ipi. Akasema, "Umeandika ulinipandisha basi. Andika na safari." Nikamwambia mimi sikuwemo. Akanisimulia, na hakuwa amewahi kunisimulia. Kwamba siku ile vidonda vilikuwa bado vibichi. Kwamba hakuweza kukaa, na kwamba kutoka Mbezi mpaka Chalinze alisimama akiwa ameshika kiti cha mbele, mtoto mgongoni, kondakta akimgombeza akae. Kwamba baada ya Chalinze alikunja khanga, akaikalia kwa upande mmoja wa paja, hivyo hivyo hadi Segera, hadi Muheza. Kwamba hakunywa maji njia nzima kwa kuogopa choo cha stendi. Na kwamba asubuhi ile kabla hatujatoka nyumbani aliniomba dawa ya maumivu, nikamwambia akamwombe aliyempa.